Kulinda Chupa ya Chembe Hai

Somo letu la leo lahusu namna wataalamu wanavyozuia uchafu usiingie katika chembe hai wanazozilea maabarani. Huenda mtu wa Tabora akauliza, "Jambo hili lanihusu nini?" Lamhusu sana, hasa akiwa na ng'ombe.

Tuanze na historia. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Wapagazi walibeba pembe, nguo na shanga. Lakini njia ile ilipitisha pia mzigo ambao hakuna aliyeufunga, yaani ugonjwa wa ndui. Ulijulikana watu walipoanza kuugua. Kisha, katika miaka ya 1890, sotoka ilienea Afrika ya Mashariki. Iliua ng'ombe wengi mno, na wafugaji wakapatwa na njaa.

Leo sotoka haipo tena. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani kote. Silaha moja kubwa ilikuwa chanjo iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi. Walter Plowright na mwenzake Ferris waliitangaza mwaka 1962.

Waliifanyaje? Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Virusi haviwezi kuzaana nje ya chembe hai. Basi wataalamu wale walichukua chembe za figo za ndama, wakazilea katika chupa, wakatia virusi vya sotoka ndani yake. Walivihamisha kutoka chupa hata chupa mara nyingi, mpaka vikapoteza ukali. Ng'ombe aliyechanjwa kwa virusi hivyo alipata kinga.

Sasa tazameni shida yenyewe. Chembe zilizo chupani zahitaji joto la digrii 37 hivi, na maji yenye sukari, chumvi na seramu, yaani maji ya damu. Bakteria na kuvu hupenda chakula hicho hicho. Ng'ombe ana kinga mwilini mwake, lakini chupa haina. Tena, chembe ya mnyama hugawanyika mara moja kwa siku hivi, na bakteria wengine hugawanyika kila dakika 20. Pigeni hesabu: bakteria mmoja, baada ya saa 8, amekuwa zaidi ya milioni 16.

Wageni wabaya ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni bakteria wa kawaida na kuvu. Hawa hujionyesha upesi, kwa maana maji huwa mazito au huota ukungu.

Wa pili ni mikoplasma. Aina mojawapo ndiyo iletayo homa ya mapafu ya ng'ombe. Penisilini huua bakteria kwa kuharibu ukuta wao, lakini mikoplasma hana ukuta, basi haimdhuru. Maji hubaki maangavu, na chembe zinaharibika polepole.

Wa tatu ni chembe za mnyama au mtu mwingine. Mwaka 1951 chembe za mgonjwa mmoja wa Marekani, Henrietta Lacks, zilianza kulelewa maabarani. Zilikuwa na nguvu ya ajabu ya kuota. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba chembe nyingi zilizodhaniwa kuwa za watu mbalimbali zilikuwa za mama huyo. Ni kama mbegu zilizochanganyika ghalani: mkulima hajui alichopanda.

Basi kanuni za kazi ni hizi:

1. Nawa mikono, pangusa meza kwa spiriti, na chemsha vyombo kwa mvuke wenye nguvu.
2. Usipitishe mkono juu ya chupa iliyo wazi, wala usizungumze juu yake.
3. Shika chembe za aina moja tu kwa wakati mmoja. Kila aina iwe na chupa yake ya chakula.
4. Chembe ngeni zikae mbali na nyingine mpaka zipimwe.
5. Usitegemee dawa ya kuua bakteria. Dawa huficha uzembe.
6. Pima hata chupa ionekanayo safi, na weka mbegu safi katika baridi kali iwe akiba.
7. Chupa iliyoharibika iuawe vijidudu vyake kwanza, ndipo itupwe.

Kwa nini ukali huu wote? Kwa sababu chupa moja hujaza dawa ya ng'ombe wengi. Kijidudu kikiingia maabarani, huenda kikasafiri na chanjo mpaka zizini, kama ndui ilivyosafiri na msafara. Mwenye ng'ombe hawezi kukiona.

Nanyi mna sehemu yenu. Chanjo ikiletwa kijijini, hakikisheni imekaa penye baridi. Sindano iliyokwisha kumchoma ng'ombe isiingizwe tena katika chupa ya dawa. Mama wa nyumbani afukizaye kibuyu kabla ya kutia maziwa anaijua kanuni hii tayari: chombo hutayarishwa kabla, maana maziwa yakiisha kuharibika hayatengenezeki.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini maji maangavu si ushahidi wa usafi?
2. Bakteria mmoja atakuwa wangapi baada ya saa 2?
3. Katika kijiji chenu, nani huangalia sindano wakati wa kuchanja?

Kwaherini mpaka somo lijalo.