Kwelea au Kweche? Tutazame Mdomo Kwanza
(Maneno ya hotuba kwa wakulima wa Kitale na Bungoma)



Msimu wa kuiva wimbi unapofika Bungoma, na ngano inapogeuka rangi upande wa Kitale, watoto hutumwa shambani na makombeo, na kila ndege mdogo wa rangi ya majani makavu huitwa jina moja tu: kwelea. Leo nataka kuwaeleza kwamba mara nyingi jina hilo si lake, na kwamba kukosea jina kuna hasara.

Wako ndege wawili wa jamaa moja wanaofanana sana, kwelea-kwelea na kweche. Wakati wa kuzaa, madume yao hawampotezi mtu. Dume la kweche wa nyanda hizi za juu huwa mweusi mwenye manjano juu ya mkia na mabegani. Dume la kwelea mara nyingi huwa na uso mweusi. Taabu ni majike, na madume waliokwisha kuvua mapambo yao. Hao wote ni wa kahawia, wenye michirizi mgongoni, nao ni wadogo kama shomoro.

Basi, tutawatambuaje? Kwanza, tutazame mdomo. Mdomo wa kwelea mzima ni mwekundu, ila wa jike hugeuka manjano wakati wa kuzaa. Mdomo wa jike la kweche ni wa kahawia iliyofifia, wala hauwi mwekundu kamwe. Pili, dume la kweche hubaki na manjano yake juu ya mkia hata akiisha kuvua weusi. Tatu, tutazame mwendo. Kwelea huruka kwa maelfu kama moshi unaobingirika, wa nyuma wakiwaruka wa mbele; kweche huenda kwa vikundi vidogo zaidi. Nne, kiota. Kwelea husuka viota kwa mamia katika mti mmoja wa miiba, na kwao hasa ni nchi kavu. Kweche hujenga katika nyasi ndefu, kila kiota mbali na chenzake.

Huenda mtu akauliza, kwani yafaa nini kujua haya, maana wote wawili hula nafaka? Jibu ni hili. Kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 kwa siku. Kwa hiyo kundi la ndege milioni moja laweza kula tani 10 kwa siku moja. Mwaka 2023 walivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu, na serikali ikanyunyiza sumu iitwayo fenthioni. Sumu hiyo haichagui. Mwewe na bundi wanaokula mizoga hufa pia, na mtu anayeokota ndege hao awafanye kitoweo hujitia hatarini. Si haki kuleta sumu ya namna hiyo kwa ajili ya kweche thelathini, ambao mtoto mwenye kombeo na mavuno ya mapema yatosha kuwazuia. Lakini pia, mwenye kuona kwelea halisi akasema, "Ni kweche tu," huwapa nafasi ya kumaliza shamba lake na la jirani.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa afisa wa kilimo, simama asubuhi kando ya shamba, jua likiwa nyuma yako. Usitazame ndege mmoja, maana makinda ya kwelea hayana wekundu bado. Tazama kumi au zaidi. Kisha umweleze afisa mambo matatu: rangi ya midomo, ukubwa wa kundi, na mahali wanapolala, kwa sababu kwelea hupigwa hasa malaloni, si shambani.

Wafundisheni na watoto wenu wenye makombeo. Wao ndio wawaonao ndege hawa kutwa, nao watakuwa wa kwanza kuuona mdomo mwekundu.