Kukamatwa Si Kuhukumiwa

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo tunataka tuzungumze juu ya jambo linaloleta ugomvi vijijini mwetu. Mtu ameibiwa baiskeli. Jirani yake anashukiwa, anakamatwa. Baada ya siku mbili watu wanamwona dukani ananunua chumvi. Maneno yanaanza: "Huyo katoa hongo! Tukimshika mwingine tutammaliza wenyewe."

Je, maneno hayo ni ya kweli? Haya, tuifuate njia ya kesi hatua kwa hatua.

JINAI NI NINI?

Mtu akikukopa fedha akashindwa kulipa, hilo ni deni. Ukienda mahakamani, hiyo ni kesi ya madai. Lakini akiiba baiskeli yako, hiyo ni jinai. Jinai ni kosa lililoandikwa katika sheria pamoja na adhabu yake. Mengi ya makosa hayo yamo katika Kanuni ya Adhabu. Kosa la jinai huhesabiwa kuwa limetendwa dhidi ya jamii nzima. Kwa hiyo mara nyingi utasikia kesi inaitwa "Jamhuri dhidi ya fulani". Wewe uliyeibiwa ni mlalamikaji, na unatoa ushahidi.

Katika wizi, hakimu hutazama mambo mawili: tendo na nia. Tuseme mnadani kuna baiskeli mbili zinazofanana. Mzee mmoja anapanda ya mwenzake, akiamini kabisa kuwa ni yake. Ameichukua, ndiyo, lakini hakuwa na nia ya kuiba. Atatakiwa airudishe, lakini mwizi si yeye.

MTUHUMIWA SI MHALIFU

Mtu anayeshukiwa ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka mahakamani anakuwa mshtakiwa. Bado si mhalifu. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mtu mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa analo. Kazi ya kuthibitisha ni ya upande unaomshtaki. Wakibakiza shaka ya maana, mshtakiwa anaachiwa.

DHAMANA

Polisi wanatakiwa wamfikishe mtuhumiwa mahakamani mapema iwezekanavyo. Kama kosa si zito, na haiwezekani kumfikisha ndani ya saa 24, wanaweza kumwachia kwa dhamana. Mahakama nayo inaweza kutoa dhamana.

Dhamana ni ahadi kwamba mtu huyo atarudi siku atakayoitwa. Mdhamini naye anatia sahihi. Mtu akitoroka, mdhamini anaweza kudaiwa fedha zilizoandikwa kwenye hati. Lakini dhamana haiuzwi. Anayetaka umpe fedha mkononi ili atoe dhamana anataka rushwa. Yako makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji na uhaini.

Basi yule jirani aliye dukani hajashinda kesi. Kesi yake bado ipo. Kama una ushahidi, uupeleke mahakamani, usiumalizie kilabuni.

NGAZI ZA MAHAKAMA

Kesi ya wizi mdogo huanzia Mahakama ya Mwanzo, na lugha yake ni Kiswahili. Asiyeridhika na hukumu anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Msizichezee siku hizo. Juu yake kuna Mahakama Kuu, ambayo pia husikiliza kesi nzito kama za mauaji. Juu kabisa ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979.

FIMBO HAINA RUFAA

Sasa tuwarudie wale wanaosema "tutammaliza wenyewe". Mwananchi akimwona mtu anaiba, anaweza kumkamata. Lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Sheria haikumpa ruhusa ya kuadhibu. Mtu akifa kwa kipigo, waliompiga wanaweza kushtakiwa kwa mauaji. Baiskeli moja imepotea. Je, nyumba ngapi zitabaki bila baba?

Tena fikirini jambo hili. Kesho asubuhi inajulikana kwamba baiskeli ilichukuliwa na mpwa wa mwenye baiskeli, akaenda nayo mashineni kusaga mahindi. Yule mliyempiga mtamwambia nini? Hakimu akikosea kuna rufaa. Fimbo haina rufaa.

KISOMO CHETU KITUSAIDIE

Ndugu, zamani wengi wetu tulikuwa tunabonyeza dole gumba kwenye karatasi bila kujua imeandikwa nini. Leo tunasoma. Ukiandikisha maelezo polisi, uwe mtuhumiwa au shahidi, yasome yote kabla ya kutia sahihi. Neno ambalo hukulisema, omba lisahihishwe. Kama maandishi ni ya mkono na hayasomeki, omba usomewe pole pole. Usione haya. Karatasi hiyo inaweza kusomwa mbele ya hakimu, na sahihi ni yako.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili aulize habari za msaada wa kisheria. Sheria ya msaada huo ilitungwa mwaka 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria waliofundishwa kuwasaidia wananchi.

Na safari ijayo mtakaposikia kelele za "Mwizi! Mwizi!", aliyesoma habari hii awe wa kwanza kusema: "Mshikeni, msimpige. Twendeni polisi."