Vidonge vya Mafuta na Maumivu ya Hedhi



Akina baba mlioketi nyuma, msiondoke. Fedha zinazonunua vichupa nitakavyovizungumzia mara nyingi hutoka mifukoni mwenu.

Siku hizi stendi, minadani na hata majumbani wanawake wetu wanauziwa vidonge laini vya mafuta: ya samaki, na ya mbegu za ua liitwalo primrosi. Huambiwa kwamba vitaondoa chango la hedhi, pamoja na uchovu, maziwa kuuma na hasira za siku zinazotangulia damu.

Ahadi hiyo haikutoka hewani. Wakati wa hedhi mji wa mimba hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoubana ili utoe utando wake. Zikizidi, tumbo na kiuno huuma, na wengine hutapika. Mafuta ya samaki hudhaniwa kupunguza nguvu ya kemikali hizo. Mwaka 1996 watafiti wa Cincinnati, Marekani, waliwajaribu wasichana 42, na maumivu yao yakapungua. Mwaka 2011, huko Brazili, wanawake 120 walishiriki jaribio la mafuta ya mimea kwa dalili za kabla ya hedhi, nako nafuu ikaonekana. Lakini hao ni wachache mno. Mwaka 2016 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walipopitia tafiti 27 za virutubisho vya maumivu ya hedhi, hawakupata ushahidi madhubuti kwa kirutubisho chochote. Na mafuta ya primrosi, yaliyokuwa yakitolewa Uingereza kama dawa ya maziwa kuuma, yalifutiwa leseni huko mwaka 2002 kwa kukosa uthibitisho wa kufaa.

Sisemi ni sumu. Mafuta ya aina hiyo ya samaki yamo pia katika dagaa tunaoanika kutoka Bwai hadi Kibara, ingawa simwahidi mtu kwamba bakuli la dagaa litamtuliza tumbo. Ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze vidonge hivyo kabla ya kumwuliza mtabibu.

Dawa iliyothibitika ipo, nayo haina mbwembwe: ibuprofeni. Huzuia prostaglandini zenyewe. Humezwa baada ya chakula, maumivu yanapoanza, kwa siku moja au mbili, si mwezi mzima. Haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, wala mwenye pumu inayochochewa nayo. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo husaidia.

Linalonitia hofu zaidi ni binti anayekosa shule kila mwezi huku nyumbani akibadilishiwa vichupa mwaka baada ya mwaka. Huenda ana endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba kuota nje yake, na mafuta hayaiondoi. Maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi, yanayobaki hata damu ikikoma, au damu inayolowesha pedi kila saa, yote hayo yapelekwe zahanati. Ikibidi, mhudumu atatoa rufaa hadi hospitali ya mkoa iliyopo Kwangwa, Musoma.

Mzazi atakayekuja na binti yake aandike kwenye daftari tarehe za hedhi za miezi mitatu na siku alizokosa shule. Na kama kuna vidonge anavyotumia, aje na kichupa chake.