Misingi Kwanza, Kompyuta Baadaye

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa Kaunti ya Nyeri)



Kutoka Othaya hadi Karatina, na kuendelea hadi Nanyuki, matangi ya maji husimama juu ya minara ya chuma, mengine karibu na madarasa. Tangi la lita 10,000 likijaa lina tani 10 za maji. Mnara wa miguu minne ukiwa sawa, kila mguu hubeba tani mbili na nusu, kabla ya kuhesabu upepo na uzito wa chuma chenyewe. Hesabu hiyo yatosha kalamu na karatasi.

Ugumu uko kwenye maungo: chuma kilipochomelewa, kwenye tundu la bolti na kwenye kona. Hapo mkazo, yaani nguvu kwa kila kipimo cha eneo linaloibeba, hauenei sawasawa. Ndipo mbinu ya elementi finiti inapofaa. Kifaa hugawanywa kwenye kompyuta kuwa vipande vidogo viitwavyo elementi, vilivyounganishwa kwenye nodi. Kompyuta hukokotoa kila nodi itasogea kiasi gani uzito ukiwekwa, kisha hupata mkazo wa kila kipande. Jina la mbinu hii lilitolewa na Ray Clough wa Marekani mwaka 1960.

Hatari ni kwamba programu hutoa jibu lenye rangi za kuvutia hata ikilishwa takwimu mbovu. Tarehe 23 Agosti 1991 nchini Norway, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta na gesi la Sleipner A ulipasuka ukijaribiwa, ukazama. Elementi zilizotumiwa zilikuwa kubwa mno na zenye umbo baya, hivyo nguvu ya kukata ukuta ilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Ukokotoaji makini uliofanywa baadaye ulionyesha ukuta ungepasuka kwenye kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka kwenye mita 65.

Kwa hivyo anayejifunza, awe Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi au kwenye karakana, ashike mambo manne. Kwanza, akadirie jibu kwa mkono kabla ya kufungua programu. Pili, ahakikishe miguu ya mnara imeshikiliwa kwenye kompyuta jinsi itakavyoshikiliwa ardhini. Tatu, ajumlishe nguvu zote za chini: zisipolingana na uzito uliowekwa juu, kuna kosa. Nne, apunguze ukubwa wa elementi na kurudia. Jibu likibadilika sana, bado halijaaminika.

Programu za bure kama CalculiX zipo, kwa hivyo gharama si kizuizi cha kuanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mhandisi huanzia kwenye hesabu. Mtoto anayechota maji chini ya mnara hategemei picha ya kompyuta; anategemea aliyeikagua.