GEGO LA MIAKA SITA

Leo twasema zaidi na wenzetu wa Saza, lakini na wengine sikilizeni. Mwalimu aandike neno moja ubaoni: GEGO.

Mtoto ana meno ya utoto 20. Apatapo miaka 6 hivi, nyuma yake huota gego jipya. Kwa kuwa halikungoja jino lo lote ling'oke, wazazi wengi hulidhani ni la utoto. Sivyo. Ni jino la kudumu. Liking'olewa halioti jingine.

Tazameni jino lilivyo. Nje ni gumu kuliko mfupa. Ndani mna kiini, yaani nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu, nacho hufika mpaka ncha ya mzizi. Kiini hicho ndicho kijengacho mzizi, na kazi hiyo haiishi siku jino litokezapo. Huendelea miaka 3 hivi. Kiini kikifa kabla ya hapo, kuta za mzizi hubaki nyembamba na ncha yake wazi. Ninyi mnaochimba dhahabu mwajua shimo lisilotiwa matimba. Jino la namna hiyo huvunjika upesi.

Basi mtoto akipelekwa mapema, daktari wa meno hujaribu kukiokoa kiini. Hupiga sindano ya ganzi, hukata sehemu iliyougua tu, huweka dawa juu yake, kisha huziba. Daktari Miguel Cvek wa Uswidi aliieleza njia hii mwaka 1978, kwa watoto waliovunjika meno ya mbele. Alikata kama milimita 2 tu. Nasi tunao watoto waangukao na baiskeli! Siku hizi hata magego hutibiwa hivyo.

Kiini kikiisha kufa, kazi ni kubwa. Daktari husafisha mfereji wa mzizi, huua vijidudu, huziba ncha kwa saruji ya meno, ndipo aujaze mfereji. Pengine mtoto huitwa mara mbili tatu, na gharama ipo, siwafichi. Kama jino limeharibika mno, kung'oa kwafaa. Lakini aamue daktari baada ya kulitazama.

Mtu wa Saza aanze Mkwajuni, makao ya Wilaya ya Songwe, aulize: "Jino hili laweza kutibiwa bila kung'olewa?" Wakishindwa, aombe barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Lakini uso ukivimba au homa ikipanda, msingoje kuche.

Sasa kazi ya nyumbani. Mwekeni mtoto wa miaka 7 penye mwanga, afumbue kinywa. Anzeni katikati ya meno ya mbele, mwende upande mmoja, mkihesabu na pengo pia: moja, mbili, tatu, nne, tano. La sita ndilo. Hesabuni pande zote, juu na chini. Andikeni katika daftari kama mmeona tundu au doa jeusi, mje nalo darasani.