Mikaratusi Kwenye Vyanzo vya Maji: Kazi Inayobaki Baada ya Kukata

Mada kwa semina ya viongozi wa vijiji na kamati za maji, Kata ya Kamuli, Wilaya ya Kyerwa



1. Utangulizi

Chanzo cha maji ni chemchemi, kijito, mto au bonde oevu. Mti wa asili ni ule uliokuwapo bila kuletwa. Mkaratusi uliletwa, kwao ni Australia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Haya tunayafahamu sote.

2. Tatizo

Mada hii haimlaumu mtu wala ofisi yoyote. Mkaratusi hutupatia nguzo, fito, kuni za kuchomea matofali na ada za watoto. Mlimani una nafasi yake. Bondeni unakunywa maji ambayo yangeshuka hadi Mto Kagera.

Hata hivyo, kinachonisumbua miaka yote ni kinachofuata baada ya kukata. Tunahamasisha, tunakata, tunapiga picha, taarifa inaandikwa kwamba agizo la kukata limetekelezwa. Mvua ikinyesha, kisiki kinachipua. Shina moja linakuwa matatu au manne, na mizizi ni ileile, imeshafika majini. Mwenye shamba anapata fito nyingi kuliko mwanzo. Kwa utaratibu huu tunaipogolea mikaratusi, hatuiondoi.

Hata mti ukiondolewa, maji hayarudi mara moja. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda mikaratusi kwenye bonde la kijito mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, lakini maji ya kudumu yalirudi miaka mitano baadaye. Kwa hiyo mwananchi anayekata leo asiahidiwe maji kesho. Akiahidiwa hivyo na asiyaone, atarudi kupanda.

3. Mapendekezo

1. Kila kisiki kibanduliwe gome hadi chini ya usawa wa udongo.
2. Machipukizi yang'olewe kila msimu hadi kisiki kife.
3. Pengo lisiachwe wazi: mikuyu na mikindu ipandwe kandokando, mishambya juu kidogo, mafunjo yaachwe yajirudie.
4. Mwenye miti apewe muda wa kuvuna, na miche ya kupanda mlimani.
5. Mipaka ya mita 60 ipimwe mbele ya wenye mashamba na iwekewe alama.
6. Bajeti ya kukata iambatane na bajeti ya kutunza kwa miaka isiyopungua mitano.
7. Taarifa za kata zihesabu visiki vilivyokufa na miche ya asili iliyopona, si miti iliyokatwa tu.
8. Narudia: machipukizi yang'olewe.

4. Hitimisho

Ombi langu ni moja: kabla hatujaondoka hapa, kila kijiji kitaje chanzo kimoja na watu watakaokirudia kila msimu.