Kupima Unyevu na Alkali ya Sakafu ya Zege Kabla ya Kubandika Mkeka wa Mbao
Mada kwa semina ya mafundi wa ujenzi, Likuyani



1. Tatizo

Hapa Likuyani wengi hujenga kwa pesa za mahindi. Zege humwagwa baada ya mavuno, na mwenye nyumba hutaka kuhamia kabla ya mvua ya Machi. Sakafu ikionekana kavu, mkeka wa mbao (zulia la plastiki lenye sura ya mbao) au vigae vya PVC hubandikwa. Miezi michache baadaye kingo zinainuka na gundi inateleza. Lawama humwangukia muuzaji wa gundi, ilhali sakafu haikupimwa.

2. Chanzo

Slabu inayokauka upande mmoja hukadiriwa mwezi mmoja kwa kila milimita 25. Ya milimita 100 ni miezi minne, na niru iliyolainishwa kwa mwiko wa chuma huchelewesha zaidi. Zege jipya lina pH ya 12 hadi 13. Uso wake hushuka hadi karibu 9 kwa kuvuta kaboni dioksaidi ya hewani, lakini maji yanayopanda kutoka chini huleta alkali mpya, nayo huiyeyusha gundi.

3. Vipimo

(a) Nailoni. Bandika kipande angavu cha sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote kwa selotepu, ukiache saa 16 au zaidi mbali na jua. Matone au zege kuwa jeusi ni dalili ya unyevu. Kikikosa matone, bado hujajua hali ya kina.

(b) Kihisi cha unyevu. Toboa hadi asilimia 40 ya unene, yaani milimita 40 kwa slabu ya 100. Weka kihisi ndani, ziba, kisha usome baada ya saa 24. Kiwango cha Uingereza ni unyevu wa hewa (RH) usiozidi asilimia 75. Toboa mashimo matatu kwa mita 93 za mraba za kwanza.

(c) Alkali. Safisha bila kukwangua, maana ukikwangua utafikia zege lenye alkali kali. Mwaga tone pana la maji ya kuongezea betri (si asidi), kwa kuwa maji ya kisima yana pH yake. Subiri sekunde 60, chovya karatasi ya pH, ile ya maabara ya shule. Gundi nyingi hukomea 9, soma mkebe.

4. Mapendekezo

Gharama ya vipimo iandikwe kwenye makadirio, na matokeo yatiwe sahihi na fundi na mwenye nyumba. Anayejenga upya atandaze nailoni ya geji 1000 chini ya slabu. Sakafu isiyo na nailoni, ikizidi kiwango cha unyevu, haitapona kwa kungoja: ipakwe epoksi ya kuzuia maji, au mwenye nyumba achague vigae vya kauri vya kubandikwa kwa saruji.